Wako Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimechelewa tena! Basi la kwanza lilijaa hadi mlangoni, la pili halikusimama kabisa. Mwalimu wa takwimu hufunga mlango saa mbili kamili. Nimegonga. Kafungua kidogo, kaniambia nikikosa kipindi kimoja zaidi, mtihani nitausikia kwa wenzangu na mwaka nitaurudia. Kipindi kinachofuata ni Ijumaa.

Dada hakupandisha hata sauti. Kasema mwaka wa kurudia yeye halipii. Nitakaa naye dukani, nishone vifungo. Dada ni fundi cherehani na vifungo anavyo debe zima.

Jambo jingine. Kwenye upenyo wa mlango nimemwona Pasi, kakaa mstari wa mbele. Ni jirani yetu, nyumba ya tatu. Namwita Pasi kwa sababu shati lake halina mkunjo hata siku ya joto. Hana tone la jasho! Mtu wa basi hafiki hivyo. Kuna kitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimewauliza wenzangu wanafikaje chuoni. Mmoja hupanda pikipiki kwa sababu anapenda kulala. Mwingine hupewa lifti na baba yake mdogo, na huilipia kwa kusikiliza nasaha njia nzima. Wa tatu kapanga chumba nyuma ya geti, anakula mkate mkavu mwezi mzima. Sawa. Kila mtu na mfuko wake na uvivu wake.

Pasi kajibu kwamba anatembea. Bila kupepesa macho! Kutoka kwetu hadi chuo! Ana gari huyu, na hataki kumpa mtu lifti. Kesho namfuata.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka gizagiza, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Pasi katoka na kaptura, ndala, begi mgongoni na fulana iliyotoboka kwapani. Kajibadilisha asijulikane! Asiye na siri havai fulana ile mbele za watu.

Kapita nyuma ya kiwanda cha matofali, kavuka kidaraja, kakata uwanja. Mimi nyuma yake, nainama, nachuchumaa. Mara, geti la chuo! Maktaba bado imefungwa. Siku imepotea bure, gari halikutokea. Bila shaka aliniona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemfuata tena, mpaka vyoo vya wanaume. Nikajificha nyuma ya ubao wa matangazo. Aliyeingia alikuwa amelowa jasho. Aliyetoka alikuwa mkavu, kanyooka, ananukia sabuni.

Wako wawili! Mapacha! Mmoja anatembea ili watu wamwone, mwingine analetwa na gari na kupitishwa dirishani.

Nimemweleza dada. Kaacha kukanyaga cherehani, kaniuliza kama nimekula. Halafu kasema siku mbili hizi nimefika mapema, nishikilie hapo hapo na vifungo nitavikwepa. Yaani hakusikia chochote!

Ijumaa, 7 Machi
Tumefika mapema kupita kiasi. Mwenye fulana kaingia chooni, mimi msichana nikabaki mlangoni. Katoka aliyenyooka. Kanisalimia vizuri, kaniambia twende, mwalimu atafunga mlango. Ujanja mtupu! Anataka niondoke mwenzake atoroke. Nikamwambia atangulie.

Nikangoja. Mama wa usafi akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Nikamwomba atazame ndani kuna nani. Kasema hakuna mtu. Kumbe naye yumo kwenye njama! Nikazunguka kwenye dirisha la nyuma. Lina nondo, hata paka hapiti. Basi wanazing'oa na kuzirudisha.

Hapo nikatazama saa. Nikakimbia. Mlango umefungwa, na safari hii mwalimu hakufungua hata kidogo. Nimekaa kwenye ngazi nikalia. Kweli kabisa, nimelia.

Jumamosi, 8 Machi
Dukani. Vifungo. Kidole kinatobolewa na sindano tangu asubuhi.

Kaja Pasi, shati limeng'oka kifungo. Dada kamuuliza makusudi, huku ananitazama mimi, shati lake linabakije vile. Pasi kaeleza yote. Hutembea na fulana, shati kalikunja juu ya kipande cha boksi ndani ya begi. Akifika hunawa kwenye bomba la chooni na kubadilisha. Kasema nauli ya basi ni bora ainunulie chakula.

Dada kaniuliza, “Umesikia, mdogo wangu?”

Nimesikia. Maelezo yamenyooka mno. Mtu mkweli husahau kidogo.

Nimemshonea kifungo chake. Ndani ya kola nimepitisha uzi mwekundu, mahali asipoweza kuuona. Jumatatu nikimkuta aliyevaa shati kama hilo lisilo na uzi, nimewapata wote wawili. Mtihani nimeshafungiwa, kwa hiyo nina asubuhi nzima ya kulinda choo. Nitakwenda kwa miguu, nipite kiwanda cha matofali. Basi siliamini, nisije nikachelewa.