Nilidhani Darasa Limeganda

Leo nimepata aibu ambayo hata sabuni haitoi. Acheni niiseme mwenyewe kabla haijawafikia kwa njia nyingine.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa kuwapeleka wageni kwenye maduka ya nguo ya mtaa wa Zhanqian. Wageni wamepungua. Wenzangu wa ghorofa hii wamerudi Dar mmoja mmoja, na mimi niliyeanzia Muscat nikapitia Bangkok, nimebaki huku Guangzhou, China, na sufuria moja. Kwa hiyo kila Jumatano asubuhi nafundisha Kiingereza cha kuongea, kwa kompyuta, darasa la watoto kumi na wawili huko Japani. (Ndiyo, mimi huyu wa kidato cha nne.)

Shida ya watoto hawa ni ukimya. Kwetu ukiuliza swali, darasa zima linanyoosha vidole, "Mwalimu mimi! Mwalimu mimi!", hata asiyejua jibu. Hawa wanakaa wima, mikono mapajani, wanatazama meza. Kukosea mbele ya wenzao ni aibu, basi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wiki sita sijasikia zaidi ya salamu, wanayoitoa wote pamoja wakiinama. Na nisidanganye, kuna wiki salamu hiyo ndiyo pekee ninayopewa.

Leo mwalimu wao, Bi Tanaka, alikaa nyuma na daftari. Alishaniambia mapema, kwa upole kabisa, kwamba leo wasipoongea darasa atapewa mtu mwingine.

Nikavaa shati jeupe na tai. Chini nikabaki na msuli. (Kamera inaishia kifuani, nani atajua?)

Salamu ikapita. Nikauliza jana usiku walikula nini, na walikula na nani. Kimya. Nikauliza tena, polepole. Kimya. Hakuna aliyekohoa, hakuna kope iliyocheza. Nikajua tu: mtandao umeganda. Wa jengo hili huganda kila siku, na ukienda kulalamika mwenye nyumba anakujibu "meiyou", hakuna, kisha anafunga mlango. Dawa yake ni kungoja urudi wenyewe.

Nikalegeza tai. Nikainuka, msuli na yote, nikaenda jikoni (hatua mbili), nikarudi na sufuria ya wali wa nazi wa jana. Nikaanza kukwangua ukoko kwa mkono.

Sasa, nina tabia moja. Nikila peke yangu huwa najikaribisha.

"Karibu tule, dada," nikasema.

"Aa, kula tu kaka, nimeshiba," nikajijibu kwa sauti nyembamba ya dada yangu Mwanaidi.

"Umeshibia wapi? Njoo hapa."

"Haya, tonge moja tu."

Nikamtengea tonge lake pembeni mwa sufuria. Nikiwa natafuna, nikatupa jicho kwenye skrini. Nyuma ya watoto kuna saa ya ukutani. Mshale mwembamba, ule wa sekunde, ulikuwa unatembea.

Nikaacha kutafuna.

Walikuwepo muda wote. Hata mmoja hakucheka. Ningeshukuru kama wangecheka. Bi Tanaka alikuwa anaandika, keshafungua ukurasa wa pili.

Nikakaza tai kwa mkono wenye mafuta ya nazi, nikaanza kuomba radhi. Nikiwa katikati, Haruka, binti wa mbele ambaye hata kamera huwa haitazami, akasimama. Akavuta pumzi, akauliza kwa Kiingereza kilichonyooka:

"Mwalimu, mwenzako yuko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia yuko Tanga, mbali sana, na hapa niko peke yangu.



"Mimi jana nilikula na bibi," akasema. "Tulikula samaki."

Aliyekuwa nyuma yake akasimama. Yeye alikula peke yake, mama alikuwa kazini. Kisha mwingine, na mwingine. Wote kumi na wawili, mpaka kengele ikalia.

Bi Tanaka akafunga daftari, akaniambia Jumatano ijayo nije tena, ila nivae suruali.

Msinicheke sana, jamani. Tangu futari ya mwisho na wenzangu wa ghorofa, leo ndiyo mara ya kwanza nimekula mbele za watu.