Mrudishieni Mume Wangu Kosa Lake

Himeji, tarehe 9 Septemba

Kwa Bwana Inagaki,
Mhariri Mkuu wa Kitabu cha Historia,
Kundi la Makampuni ya Tsukihara.

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Joto la mwaka huu limekataa kuondoka, na mabiringanya yangu yanakauka kwenye miche. Natumai wewe na wenzako wa ghorofa ya saba hamjambo, na mashine yenu ya ubaridi haijawaangusha. Mimi ni Kuwabara Shizue, mwenye umri wa miaka sabini na tisa. Nilikuwa mwonjaji wa wali katika chumba chenu cha majaribio tangu mwaka 1961 hadi 1971, tumbo la mwanangu wa kwanza liliponitoa kazini. Siku zile mwanamke mwenye mimba alipewa shada la maua na kuonyeshwa mlango, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda.

Nimepokea kitabu chenu cha miaka sabini na mitano ya Kundi, mlichowatumia wastaafu wote. Nashukuru sana. Nina malalamiko machache, na nimeyapa namba ili yasije yakapotea mezani kwako.

1. Kitabu ni kizito mno. Mtu wa posta aliomba aketi kidogo kabla ya kuendelea na safari. Kwa sasa kimekaa juu ya pipa langu la achari, na niseme ukweli, figili hazijawahi kukandamizwa vizuri namna hii. Uzito wenyewe ni wa picha za Marehemu Mwenyekiti Tsukihara, mwanzilishi wetu. Nimezihesabu arobaini na moja, na katika thelathini na nane ameshika upawa. Nilifanya kazi naye jengo moja miaka kumi. Upawa nilimwona nao mara moja tu, akijikunia mgongo.

2. Ukurasa wa 214. Hapo mmeandika kwamba mwaka 1970 Mwenyekiti aliota ukoko wa mama yake, kule milimani, chungu kikiwa juu ya kuni. Akaamka analia. Akaamuru sufuria yetu mpya ya umeme, Namba Saba, iunguze wali kidogo kwa chini, ili watu wa mjini wapate ladha ya nyumbani. Bwana Mhariri, Mwenyekiti alizaliwa hapa hapa Himeji, juu ya duka la taa. Mama yake nilimjua. Alikuwa mtu wa mkate.

3. Sasa nafika kwenye wizi, na utaniwia radhi kwa neno hilo, nimelitafuta jingine nikalikosa.

Ukoko wa Namba Saba haukuotwa na mtu. Ulikuwa kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la mume wangu, Kuwabara Isamu, mchoraji wa idara ya mitambo. Yeye ndiye aliyechora kile kidude cha chini kinachokata moto wali ukiiva. Mimi nilikuwa nimeionja Namba Saba na kuipitisha, wali mweupe, laini, hauna doa. Kalamu yake ndiyo iliyoteleza.

Unajua desturi ya kampuni. Kila mchoro ulipita meza saba, na kila mmoja aligonga muhuri wake mwekundu ukiwa umeinama kidogo kumwelekea mkubwa wake, kama mtu anayetoa heshima. Mchoro wa Namba Saba ulikuwa na mihuri yote saba. Sufuria zilipoanza kuunguza wali wa watu kutoka Kobe hadi Okayama, mihuri sita ya juu haikukumbuka tena iligongwa kwa sababu gani. Ukabaki ule wa chini kabisa, wa mume wangu.

Alisimamishwa mbele ya kiwanda kizima kwenye mkutano wa asubuhi, mwezi wa kumi, mvua inanyesha. Akainama. Mimi nilikuwa safu ya tatu na saa yangu ya kuonjea mkononi: aliinama dakika kumi na moja. Halafu wakamhamishia bohari ya vifuniko kule mji wa Ako, na huko ndiko alikostaafia.

Miezi mitatu baada ya hapo barua zikaanza kuja. Bibi wa huku na bibi wa kule, wote wanauliza ile sufuria yenye ukoko inapatikana wapi. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoanza kuota.

Kwa ufupi, kosa likiwa baya lilikuwa la Kuwabara. Lilipokuwa zuri likawa la Mwenyekiti. Hilo limeniuma na linaniuma, na nisingependa ufikiri ni hasira za uzee. Mimi mwenyewe nimemtania mume wangu kwa kosa hilo miaka hamsini na minne. Nyumbani kwetu anaitwa Bwana Ukoko. Chai ikichelewa, "Bwana Ukoko, moto umeuchora wewe?" Lakini nilimtania kwa sababu ni mali yake. Sikujua kuna watu wameichukua.

4. Na mali hiyo imezaa. Nimesoma sura zote, kitabu kikiwa magotini na taulo chini yake kwa ajili ya maji ya achari. Kwa ukoko wa mume wangu mmejenga kiwanda cha pili. Kwa faida ya kiwanda cha pili mmenunua kampuni ya mabirika ya umeme, kisha ya friji, kisha ya mashine za kuosha vyombo, ambazo kazi yao kubwa, kwa akili yangu, ni kuosha ukoko. Mna Siku ya Ukoko kila Oktoba. Mna sanamu ya ukoko wa shaba mapokezini, ambayo mjukuu wangu alidhani ni kobe aliyekanyagwa. Ukurasa wa 598 unasema Kundi zima linaendeshwa kwa "moyo wa ukoko". Mwenye ukoko anaishi mtaa wa pili kutoka stesheni, anamwagilia mabiringanya, na hajakanyaga karamu ya wastaafu hata mara moja, kwa sababu anaona haya.

Ana miaka themanini na mitatu na moyo wake haupigi sawa. Kitabu kilipofika alifungua ukurasa ule, akausoma mpaka mwisho, akakifunga. Nikamwambia, "Umeona walichokufanyia?" Akasema, "Waache, Shizue. Wameshapakua." Kisha akatoka nje. Karamu ya mwaka huu ni tarehe 12 Oktoba, na sidhani tutapata nyingine. Nataka aingie mlango wa mbele.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo, na sioni kama ni mengi:

Nakala zote elfu nne zirudishwe, ukurasa wa 214 ubandikwe karatasi ya masahihisho, na gundi iwe nzuri.

Mume wangu atambuliwe rasmi kuwa Mkosaji Mwanzilishi wa Kundi, na picha yake itundikwe kando ya Mwenyekiti. Upawa si lazima.

Mwenyekiti wa sasa asimame mbele ya wafanyakazi wote amwinamie mume wangu dakika kumi na moja. Nitakuja na saa yangu. Kama mgongo unamsumbua, wajukuu wa Mwenyekiti wagawane dakika.

Mwisho, sanamu ya mapokezini igeuzwe uso kuelekea mtaa wetu.

Nisalimie wote wa ghorofa ya saba, na Bi. Fukuyo wa kantini kama bado anawapimia supu kwa ukarimu, na yule kijana wa mapokezi aliyeniambia kwa simu kwamba historia haibadilishwi siku za Jumatatu. Nakuombea hewa ya baridi na mboni zenye nguvu za kusoma barua hii hadi chini.

Mimi wenu, niliyeonja kabla ya wote,

Kuwabara Shizue (muhuri)

Nyongeza: Bwana Mhariri, barua hii ningeichana, lakini nimeshaigonga muhuri, na mimi ni mtu wa Tsukihara, karatasi yenye muhuri siwezi kuichana.

Mume wangu ameisoma nilipokwenda kununua bahasha. Niliporudi nilimkuta ameshusha sanduku la michoro yake ya zamani. Akatoa humo kadi tatu za chumba cha majaribio, za Agosti 1970, za Namba Saba. Kwenye zote tatu imeandikwa, "Wali una maji mengi. Ongezeni moto." Mwandiko ni wangu. Muhuri ni wangu. Yeye alichora alivyoambiwa.

Agosti ile nilikuwa na mimba changa ya Mutsuko, mwanangu wa kwanza, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Kila nilichoweka mdomoni kilikuwa na ladha ya maji ya mfereji. Nilikuwa nimesahau kabisa. Kadi hizo aliziondoa kwenye faili kabla ya uchunguzi. Zingeonekana wangeniuliza ulimi wangu una nini, na ningepewa maua yangu siku hiyo hiyo.

Basi ukurasa wa 214 uacheni ulivyo, na gundi msinunue. Mwenyekiti aendelee kuota. Tarehe 12 tutakuja wawili. Amekubali, mradi nisisimame kuhutubia.

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii, na mimi namtania kila siku. Amesema mwanzoni nilikuwa natapika sana, na baadaye akawa ameshazoea jina.