Yah: Somo Lenu Lililomfukuza Mama Mkwe Wangu

Kwako Mkuu wa Idara,

Natumaini hujambo kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Mimi ni mshonaji nguo, mama wa yule binti mrefu wa mwaka wa pili anayekaa kiti cha mbele. Shule sikufika mbali, nikiteleza pahala unisamehe.

Naomba kwa heshima mumtoe binti yangu kwenye Uchumi wa Usimamizi, mumpe somo lolote lisilopima watu. Sababu zangu:

1. Tangu aje likizo ana swali moja tu: "Ukifanya hiki, umeacha kufanya nini?" Baba yake akijinyoosha mchana, anaulizwa. Siku hizi mzee wa watu analala amekaa, kalamu mkononi, aonekane ana kazi.

2. Vyombo. Wadogo zake walikuwa wakiosha kwa zamu. Sasa kuna zabuni, anayetaka malipo madogo ndiye anapewa. Wale wawili wamekula njama, hakuna anayeshusha bei, na sufuria zinanuka. Nikaosha mwenyewe. Nikaambiwa naharibu soko!

3. Mume wangu huomba kwa kirefu kabla ya kula, anawataja majirani wote. Binti kamweleza kwa adabu kwamba kila jirani anayeongezwa anapoza mchuzi. Baba mtu naye akafupisha. Mchuzi ni wa moto kweli, ila majirani hawaombewi, na tayari mmoja kavunjika mguu.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Mama mkwe wangu husalimia kwa utaratibu: umelalaje, umeamkaje, masomo je, viatu havikubani? Juzi binti akamwambia, "Bibi, salamu mbili za kwanza zina faida. Kuanzia ya tatu huniongezei kitu." Bibi akakunja nguo zake akaenda kwa shangazi mtu. Mlangoni akaniambia, "Mwambie mchumi wako nimempunguzia zote." Kitanda chake nakitandika kila asubuhi, hakuna aliyekilalia. Nyumba imekuwa kama ofisi.

Nirudishieni mtoto aliyekuwa akimjulia mtu hali bila kutafuta faida.

Nisalimie wahadhiri wote, hata huyo wa somo lenyewe, maana namwombea. Msalimie mlinzi wa getini aliyetubebea sanduku, na yule mama wa maktaba, na watoto wao, na viatu vyao visiwabane.

Wako katika sala,
Mama wa Mwaka wa Pili

Nyongeza: Barua hii ilikuwa na sababu kumi na moja. Binti kaisoma, akasema baada ya nne kila inayoongezeka inakuchosha tu. Nikaona kweli, nikazikata. Alipofika kwenye ile ya Bibi alivaa viatu, akaenda kwa shangazi yake, akapiga magoti akasalimu zote mpaka za viatu. Bibi amerudi. Lakini sasa anatoa salamu mbili tu kwa siku, na nyumba nzima tunazigombania. Kwa hiyo msimhamishe kwanza. Muulize mwalimu wake: tufanyeje ili Bibi atuongezee ya tatu?