Kitasa cha Mkurugenzi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kitasa cha mlango wa Mkurugenzi ni mali ya umma, na atakayekichezea atashtakiwa kwa kosa la jinai. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti, nasi tukapiga makofi, maana kitasa kile kilikuwa hakina mtetezi.

Wa kwanza kushtakiwa akawa mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu. Kitasa kilikuwa kinakwama kwa ndani. Mlango ukijifunga, hutoki mpaka ufunguliwe na wa nje. Yeye, katika kungoja huduma na mtoto mgongoni, akakaza skrubu kwa ncha ya mkasi. Kikapona. Hapo ndipo kosa lilipo.

"Amekarabati bila idhini ya Kamati ya Ukarabati," Mkurugenzi alinieleza kwa upole. "Jela hiyo, bibi."

"Na mtoto atanyonya wapi, baba?"

"Hilo ni la idara nyingine."

Nikaelewa. Serikali ina mambo mengi, ziwa haina.

Ila kukawa na dosari. Hakimu alikuwa njiani kuja kukagua uharibifu, na uharibifu haukuwepo.

"Ataonaje alichoharibu, nacho kinafanya kazi?" Mkurugenzi akaiuliza kamati. Kamati ikaazimia kwa kauli moja: mshtakiwa akirudishe kitasa katika ubovu wake halali.

Mkwe wangu hana ubishi. Akalegeza. Mkurugenzi, mtu asiyeamini kazi ya mtu, akaingia akajifungia ili ahakikishe. Ubovu ulikuwa safi kabisa.

"Fungueni!"

Askari wa mlangoni akaficha mikono nyuma. "Mzee, kugusa ni jinai."

"Nakuruhusu!"

"Ruhusa ni ya maandishi, mzee, na muhuri."

"Muhuri ninao huku ndani, mjinga wee!"

"Basi na ruhusa iko huko huko, mzee."

Hakimu akafika, akatukuta koridoni tumekodolea macho mlango. Akakitikisa kitasa kwa kalamu yake, skrubu zikacheza.

"Kibovu kweli. Kimeharibiwa kwa amri ya nani?"

"Yangu!" sauti ikatoka ndani. "Yangu mimi! Kesi ya huyo mama nimeifuta, mwacheni afungue!"

Hakimu akaandika yote mawili, taratibu, kama mtu anayepokea posa. Kisha akamruhusu mkwe wangu afungue.

Mkwe wangu akaketi amnyonyeshe mtoto kwanza. Nikamwambia, usiwe na haraka, mwanangu. Mshtakiwa mpya hana pa kwenda.