Tarumbeta na Taarifa ya Moshi

Pwaaa! Pwa-pwaaa!

"Treni ya umeme leo imewahi," alisema Gaudence, karani wa ofisi moja mjini. Kijiwe cha kahawa cha Ihumwa kilimwita Kiyoyozi, maana sifa za ubaridi wa ofisi yake hazikumwisha mdomoni.

"Treni gani? Tarumbeta huyo, anapenga kamasi," alijibu Fabian, fundi wa pikipiki.

Kweli, Denis akatokeza nyuma ya kibanda, leso mkononi, macho mekundu. Ndiye muuza kahawa, ndiye mwenyekiti. Kijiwe kiliiga Bunge zamani: hakuna kudakia maneno. Unasimama, unasema "taarifa", na anayezungumza anaipokea au anaikataa. Denis aliipenda sheria hiyo, hasa kukataa.

Akamwaga buni kikaangoni, akaligeuzia jiko mgongo. Kiyoyozi alikuwa akisoma habari kwenye simu.

"Hospitali imepata mtambo mpya. Kijibomba chenye kamera kinaingia puani, kinamwaga maji kwenye vishimo vya nyuma ya mashavu, kisha kinanyonya maji na uchafu wote. Tarumbeta, si ndicho ulichopangiwa kesho?"

"Nimepangiwa, sijakubali!" Denis aling'aka. "Pua iliyokula vumbi la Dodoma toka utoto, leo ikasafishwe kama kabureta?"

"Wakizidisha kunyonya, si watatoka na ubongo?" aliuliza Fabian.

"Kwako watatoka na upepo," Kiyoyozi akamtuliza.

Denis alicheka kwa sauti kubwa. Moyoni alikiogopa kijibomba kile kama mtoto anavyoogopa sindano.

Fabian akasimama. "Taarifa! Nampa taarifa mwenyekiti kwamba nyuma yake..."

"Siipokei! Kaa. Mimi nakaanga kwa pua, sikaangi kwa saa. Pua yangu nzima! Hata sasa naisikia buni inavyonukia. Bado kidogo tu."

Kiyoyozi alikohoa, machozi yakamtoka. "Taarifa, Mheshimiwa, kuna mo..."

"Siipokei!"

Kiyoyozi akaketi, akaziba pua kwa tai. Kikao ni kikao.

Loisi, mkewe Denis, hakuwa mjumbe. Alikuja mbio na ndoo, akamwaga maji, jiko likalia chwaaa! "Baba Anitha! Unachoma kibanda?"

Denis akageuka. Buni ilikuwa nyeusi tii.

"Mlikuwa mnaona?"

"Tumekupa taarifa mbili," alisema Fabian. "Umezikataa."

"Na kahawa ya jana?"

"Mkaa."

"Ya wiki iliyopita?"

"Mkaa, bosi."

"Sasa mbona mliisifu?"

Kiyoyozi aliinama. "Mimi ndiye niliyewaambia kwamba wakubwa wanakunywa hivyo. Nami nikashindwa kurudi nyuma. Tumbo langu linajua."

"Na sisi tukaongeza vikombe," alisema Fabian, "tusionekane washamba."

Denis alikitazama kikaango. Kazi yake yote ilikuwa puani, na pua ilishafunga duka zamani bila kumuaga.

"Hao wamekunywa mkaa kwa kupenda," alisema Loisi taratibu. "Mimi najipaka manukato tangu Pasaka. Umewahi kuyasikia?"

Wanaume wote wakatazama viatu vyao. Denis akaiweka leso mfukoni, akamsogelea mkewe, akasema mbele ya kijiwe kizima:

"Mama Anitha, nakuahidi. Kesho nakwenda, wapitishe bomba lao. Na nikirudi nitaanza kukunusa wewe, kahawa itangoja."