Kituo Chenu Kinachaji Haraka Mno

Kwa Mkurugenzi wa Vituo vya Kuchajia Magari ya Umeme,
Barabara Kuu ya Mombasa–Nairobi.

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na jamaa zako. Sisi huku Changamwe hatujambo, ila kituo chenu kimetuletea balaa. Mimi ni Mapenzi Ngumbao. Nauza mbaazi na mahamri, hatua kumi tu kutoka pale mlipoweka mashine zenu. Malalamiko nimeyapa nambari ili usipate tabu kuyajibu.

1. Mashine zenu zina haraka isiyo na adabu. Afisa wenu alituambia gari litajaa kwa dakika ishirini, nami nikadhani anajisifu tu. Kumbe kweli. Mtu hajamaliza hamri la pili, simu yake yalia kwamba gari limeshiba, anaondoka mashavu yamejaa. Karani mmoja wa Kipevu alipaliwa mpaka tukampiga mgongo.

2. Magari yenyewe hayana sauti. Lori nalisikia lingali mbali, nikawahi kujifunga leso vizuri. Haya yenu hutokea mgongoni kama mkaguzi wa afya. Juzi nilishtuka, nikamwaga sufuria nzima ya mbaazi juu ya viatu vya mchungaji wetu.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Namlea Dama, binti wa marehemu kaka yangu, fundi cherehani anayeshonea hapo hapo kibandani. Tangu Machi anatujia Chrispine, dereva wa gari la umeme, anayebeba wageni kutoka uwanja wa ndege. Ni mpole, ana shikamoo yake, ananawa bila kuambiwa. Huja kuchaji hata betri ikiwa na asilimia themanini, na mtu mzima anajua hiyo si njaa ya betri. Mimi humkaribisha, nikampa habari za ukoo wetu ili ajue anaingia wapi, nikamuuliza na za kwao. Akisafisha koo tu aseme, "Kuna jambo nilitaka...", gari limejaa. Mara kumi na nne, Mheshimiwa.

4. Kwa hiyo naomba mashine ya kushoto ipunguzwe kasi, ichaji kwa saa tatu. Kama ni vigumu, basi imuulize dereva kabla ya kumwachia waya: umeshasema ulilojia?

5. Likishindikana hilo nalo, kampuni yenyewe itume wazee wamchumbie Dama, kwa kuwa ndiyo iliyomzuia mwenziwe.

Nisalimie wahandisi, walinzi, mama watoto, na yule afisa. Mwambie alisahau mwavuli wake kwangu.

Wako mwenye subira iliyobaki kidogo,
Mapenzi Ngumbao

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Dama anisahihishie herufi. Alisoma yote, akaiweka chini, akaniambia taratibu, "Shangazi, Chrispine alinichumbia Aprili, siku uliyokwenda mazishini Junda. Ilimchukua dakika mbili. Tangu hapo ni wewe anayetaka kukwambia, na hujanyamaza."

Nimekaa kimya tangu asubuhi. Wateja wanauliza kama naumwa. Wazee wa Chrispine wanakuja Jumamosi na magari matano ya umeme, na mashine zenu ni mbili tu. Naomba zote ziongezwe kasi. Wali nitauepua saa sita.