Swali Kubwa ya Tata Zéphirin

Mu Kolwezi muzima, dhamiri ilikuwa ya mutu mumoja tu, na ule mutu mi njo nilikuwa namupikia bukari. Zéphirin, bwana yangu! Mwandishi wa romani, kitabu murefu ya hadisi! Sisi bengine tulikuwa tunaishi tu kama mbuzi.

Romani yake ni hivi: mutu anakuta mawe ya cobalt, ile ya bei kali, chini ya nyumba yake, lakini mwamba ya yale mawe inaelekea chini ya nyumba ya jirani. Achimbe? Anajiuliza mwaka muzima, anakonda, anakufa na mikono safi.

— Na jibu iko wapi? nilimuuliza.

— Odile, mwandishi mukubwa hajibu. Anauliza!

Abbé Ngoy, padri mukubwa wa shule ya paroisse, alikuwa anafikiri kuingiza ile kitabu mu darasa. Basomaji bangekutana siku ya Mungu, saa tisa, kwa jirani yetu Mama Ernestine, sababu yeye njo iko na kiti mingi. Pale bangeamua. Zéphirin alikuwa anaitaka ile kitu kuliko anavyonitaka miye, na mi bado niko muzuri!

Sasa, wiki moja mbele ya ule mukutano, choo yetu ikajaa. Zéphirin akaanza kuchimba ingine. Akafika mita mbili. Akatoka na jiwe nyeusi, ameikumbatia kama mutoto wa kwanza.

— Cobalt, Odile!

— Acha! Kitabu yako inasema nini?

— Kitabu ni kitabu. Mi siko nachimba. Niko nafanya utafiti!

Utafiti! Kuchimba inje, batu bangemuona. Akafanya kama batu bengi ba Kolwezi benye kuchimba ndani ya nyumba: akajifungia mu chumba, akasukuma kitanda, akatoboa ciment, akashuka chini na nyundo. Ku mulango akabandika karatasi: "Mwandishi anafikiri." Tok! Tok! Tok! Tangu asubuhi! Bakiuliza, anasema ni mashini yake ya kuandika.

Mama Ernestine, masikini, alikuwa anafukuza batoto:

— Munyamaze! Tata anaandika! Yee, ile kazi iko nguvu, mpaka sahani zangu zinatetemeka!

Siku ya Mungu, kiisha misa, Zéphirin akaniambia nitangulie, atakuya. Kumbe mwamba ilikuwa inanenepa, roho haikumuruhusu kuiacha. Kule chini hakuna saa, hakuna kuume wala kushoto. Mutu anafuata jiwe.

Saa tisa, hayuko. Saa kumi, hayuko. Mwalimu Kabeya, wa ile shule ya Abbé, akaanza bila yeye:

— Ndugu zangu, swali ya kitabu ni hii: mutu anaweza kuchimba chini ya nyumba ya jirani?

Tok!

Tukaangaliana. Tok! Ciment ikapasuka katikati ya salon, karibu na miguu ya Abbé. Sahani mbili zikaanguka. Nyundo ikatokea. Nyuma ya nyundo, kichwa, nyekundu kama tofali, na taa ku paji la uso. Mama eh! Nikafunika uso na kitenge.

Zéphirin akatuangalia mumoja mumoja.

— Hapa ni kwa nani?

— Ni kwangu! Mama Ernestine akasema, mwiko mu mukono.

Akajaribu kupanda. Mabega ikakwama.

— Munivute, tafazali!

— Kwanza utujibu, Mwalimu Kabeya akasema. Mutu anaweza ao hawezi?

— Mwalimu, mwandishi mukubwa...

Mama Ernestine akanyanyua mwiko.

— Hawezi! Zéphirin akalia. Hawezi kabisa! Hata siku moja!

Tulicheka mpaka Abbé akapangusa machozi. Batu wane bakamuvuta. Akasimama pale, vumbi inamuanguka, na bado, huyu mutu! akauliza kwa sauti ya chini:

— Abbé... na kitabu yangu? Batoto bataisoma?

Abbé akainama, akaangalia shimo.

— Kitabu, hapana, tata. Tutabaleta hapa baangalie shimo. Hii inaeleweka mbio.